Masega yametolewa, gari bado linasumbua: dalili na chanzo chake kwenye Subaru za turbo

Peleka Forester XT, Legacy GT au Impreza WRX gereji useme halivuti, na mara nyingi utapewa jibu kabla boneti haijafunguliwa: "Bosi, masega yameziba. Tuyatoe, gari litaamka." Masega ni lile kopo la kwenye bomba la ekzosi linalosafisha moshi wa injini. Yanatolewa. Siku za kwanza gari linaonekana kuamka, au pengine linapiga kelele tu na mwenye gari anadhani ni nguvu. Baadaye zinaanza kesi mpya: taa ya injini, moshi ambao haukuwepo, petroli inanuka mpaka ndani, busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, inapanda bila mpaka.

Masega yana maisha yake, lakini kwenye gari la turbo mara nyingi huwa yameuawa. Injini inamisi, yaani silinda haiwaki ipasavyo, na petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya sega. Au turbo inavuja oili. Au nozeli inamwaga kupita kiasi. Ukiyatoa bila kumtafuta aliyeyaua, umeondoa ushahidi na mharibifu bado yumo ndani ya injini. Karibu kila dalili iliyomo humu inarudi kwenye jambo hilo. Nimezichukua injini za EJ20 na EJ25 za turbo kwa sababu ndizo zilizojaa Dar, Arusha, Mombasa na Nairobi, ila mengi yanafaa hata kwa Evo au Golf GTI.

Ndani ya kopo lile kuna sega la kauri, au la bati jembamba la chuma, lililopakwa platini, paladiamu na rodiamu. Linaanza kufanya kazi likifika kama nyuzijoto 250 hadi 300, na linaendelea vizuri likiwa kati ya 400 na 800. Madini hayo yana bei, na masega yaliyotumika yana wanunuzi. Kwa hiyo fundi akikushauri kuyatoa, muulize kwanza yanabaki na nani. Akikuambia hakudai fedha ya kazi, basi malipo yake ameshayaona.

Gari halivuti, unaambiwa masega yameziba

Inawezekana kweli. Gari lenye masega yaliyoziba huanza vizuri, linakwenda mpaka mizunguko 3,000 hivi, halafu linakuwa zito, kadiri unavyokanyaga ndivyo linavyokataa. Chini ya gari kunakuwa na joto lisilo la kawaida. Ila mpira wa intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) uliochanika unaleta hali hiyohiyo, na pampu ya petroli iliyochoka pia, na koili moja mbovu pia. Ndiyo maana unapima kwanza.

Gari likiwa limepoa, gonga kopo la masega kwa ngumi au nyundo ya mpira. Likilia kama kuna kokoto ndani, sega limevunjika, na hilo halina mjadala. Lisipolia, endelea.

Watu wengi hupima presha ya moshi kwa kufungua sensa ya oksijeni ya mbele na kufunga geji kwenye tundu lake. Kwenye gari lisilo na turbo ni sawa: sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa, presha isizidi kama psi 1.25, na kwenye mizunguko 2,500 isizidi 3. Lakini Subaru nyingi za turbo zina sensa ya mbele iliyokaa kabla ya turbo, na hapo presha huwa juu hata kama masega ni mapya kabisa. Nimeona masega mazima yakihukumiwa kwa kipimo hiki. Geji inatakiwa ikae baada ya turbo na kabla ya masega; kama hakuna tundu, usilazimishe, tumia njia nyingine.

Bunduki ya kupima joto inasaidia. Endesha gari dakika 15 au 20, kisha shikilia mizunguko 2,500 na upime bomba linapoingia kwenye masega na linapotoka. Masega yanayofanya kazi hutoka na joto sawa au zaidi kidogo ya lile la kuingilia. Kukiwa moto mkali upande wa kuingilia na baridi kubwa upande wa kutokea, njia imeziba.

Jibu la mwisho linapatikana kwa kufungua daunipaipu, bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo. Washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Sega zima linaonyesha vitundu vidogo vya mwanga vilivyopangika, mamia kwa mamia. Lililoyeyuka lina bonge katikati, limeng'aa kidogo mithili ya kioo, na mwanga unapita pembeni tu. Ukiliona bonge hilo ujue injini ilikuwa inapeleka petroli mbichi huko kwa muda mrefu, maana kauri ile haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,400. Hapo usifunge kitu kingine chochote kabla hujapima plagi, koili na nozeli.

Masega yametoka, nguvu haijarudi

Uliza yalitolewaje. Kuna waliokata na kuchomelea bomba jipya, na kuna waliopasua sega kwa nondo humohumo ndani ya kopo na kulifunga tena. Hao wa pili ndio wengi, na ndio chanzo cha kwanza cha kuangalia: vipande vya kauri havikutoka vyote. Vingine vilisukumwa na moshi mpaka kwenye masega ya pili, ambayo Subaru nyingi zinayo katikati ya gari, au vikaishia ndani ya mafla. Fungua mafla ya nyuma, isimamishe wima, itikise. Kikisikika kitu kinabingirika, umepata. Mafla iliyojaa vipande haisafishiki, inabadilishwa.

Kupasua kwa nondo kuna ubaya mwingine unaomhusu fundi mwenyewe. Lile zulia linaloshikilia sega ndani ya kopo ni la nyuzi za kauri, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Anayefanya kazi hiyo bila barakoa, kijana wa kushika tochi akiwa amechuchumaa pembeni, anajidhuru na kumdhuru mwenzake.

Baadhi ya Impreza WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina masega madogo mahali ambapo wengi hawapafikirii: kwenye bomba linalopanda kutoka manifoldi kwenda kwenye turbo. Haya yakivunjika, njia yake ni moja tu, kupitia kwenye turbo. Gari likikosa nguvu na turbo ikaanza kupiga mluzi wa kukwaruza, fungua daunipaipu utazame gurudumu la turbo. Ncha za mapanga zinatakiwa ziwe kali na sawa zote. Zikiwa zimelika au zimepinda, turbo imepitiwa na kauri. Shika shafti kwa vidole: kuchezacheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, lakini ikivutika mbele na nyuma, turbo imekwisha. Haya ndiyo masega pekee ambayo sina ugomvi na mtu anayeyatoa mapema, kwa sababu yakifa yanaondoka na turbo.

Kama hakuna vipande na turbo ni nzima, basi tatizo halikuwa masega tangu mwanzo. Rudi kwenye mipira ya intakula, pampu, plagi.

Taa ya injini inawaka, mashine inasoma P0420

Hapa hakuna kilichoharibika. P0420 ni namba ya kosa la masega, na kompyuta inasema kweli: masega hayafanyi kazi, na hayafanyi kazi kwa sababu hayapo.

Ukiwa na mashine inayoonyesha data, fungua usomaji wa sensa ya nyuma. Kwenye gari lenye masega mazima sensa hiyo inatulia, mara nyingi karibu na volti 0.6 au 0.7, inasogea polepole. Masega yakitoka inaanza kuruka kati ya 0.1 na 0.9, inashuka na kupanda kufuata kila badiliko la petroli ya injini. Kompyuta inaangalia mchezo huo, inahesabu, na inawasha taa. Kubadilisha sensa ya nyuma kwa sababu ya P0420 kwenye gari lisilo na masega ni kutupa fedha. Ukifuta namba itarudi mara tu kompyuta ikimaliza kujipima upya.

Kuna mbinu za kuidanganya sensa, na kuna wanaoizima namba hiyo kwenye programu ya kompyuta. Taa inazimika. Sitazieleza hapa, kwa sababu kwa gari la barabarani jibu lenye akili zaidi lipo: masega ya njia pana, yenye seli 200 kwa inchi ya mraba badala ya 400 au 600 za kiwandani. Yanapitisha moshi kwa wepesi, turbo inaamka mapema, na harufu inabaki ya kibinadamu. Kwenye kompyuta nyingine P0420 bado inaweza kujitokeza mara mojamoja, lakini tofauti ya nguvu kati yake na bomba tupu ni ndogo kuliko watu wanavyosimuliana. Bomba tupu lina mahali pake, nalo ni gari la mashindano linaloletwa uwanjani juu ya trela.

Kuacha taa ikiwaka moja kwa moja nako ni hatari. Siku koili ya silinda ya 3 ikianza kufa, P0303, namba ya silinda hiyo kumisi, itakuja na hutajua, maana taa umeshaizoea. Kwenye Legacy na Forester nyingi za karibuni taa ya injini ikiwaka, kruzi nayo inagoma na taa ya VDC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) inaungana nayo, watu wanaanza kubadilisha sensa za breki bure.

Walio ughaibuni wana jambo la ziada. Uingereza gari lililotoka kiwandani na masega likikutwa hayapo linafeli ukaguzi wa MOT. Marekani sheria ya hewa safi ya serikali kuu inakataza kuyaondoa kwenye gari la barabarani. Huko usitafute utatuzi, yarudishe.

Namba nyingine zinazozuka siku ya pili

Namba ya hita ya sensa, kama P0141 au P0031, inayotokea mara baada ya kazi ni ya waya. Ama plagi ya sensa haikurudishwa ikakaa mahali pake, ama waya umeachwa unagusa bomba na umeyeyuka. Fuata waya kwa mkono mpaka mwisho, gari likiwa baridi.

Ukiwa chini ya gari angalia pia makinga joto. Mabati yale hutolewa na kutupwa kwa sababu bolti zake zimeshika kutu, na yanaonekana kama mapambo. Kwenye Subaru turbo iko upande wa kulia, na magari yetu usukani uko kulia vilevile, kwa hiyo daunipaipu inapita jirani na jointi ya usukani na juu ya mpira wa sivi jointi (jointi ya ekseli) ya kulia. Mpira huo hupasuka mapema hata kwenye gari lenye makinga yote. Ukisikia harufu ya grisi inayoungua baada ya safari ndefu, pametoboka hapo.

P0171, yaani petroli kidogo, nitaigusa kwenye sehemu ya sauti, kwa sababu chanzo chake kikubwa baada ya kazi hii unakisikia kwa sikio kabla ya kukisoma kwenye mashine.

Busti inapanda kupita kiasi, gari linakata ghafla

Unakanyaga gia ya tatu, gari linavuta vizuri kuliko siku zote, halafu ghafla ni kama mtu amelishika kwa nyuma. Ukiachia na kukanyaga tena linakwenda. Mashine inaweza kusoma P0234, namba ya busti kuzidi, au isisome kitu.

Turbo inaendeshwa na moshi. Kuna mlango mdogo, westigeti, unaofunguka ili moshi wa ziada upite pembeni na turbo isizidi. Kiwandani ukubwa wa mlango huo ulikadiriwa kwa kuzingatia kwamba masega yapo na yanazuia kidogo. Ukiyatoa, moshi unakimbia zaidi, turbo inazunguka zaidi, na mlango ule unazidiwa. Kompyuta ikiona hewa imepita kiwango inakata petroli ili kuiokoa injini. Mshtuko unaousikia ni huo, na ni mzuri, maana isingekata ungeusikia mshtuko wa pistoni.

Hali ni mbili na dawa zake hazifanani. Funga geji ya busti, au soma kwenye mashine, na umwachie mwingine usukani. Busti ikiruka juu kwa sekunde moja kisha ikashuka na kutulia, tatizo ni mpangilio: kompyuta bado inaifunga westigeti kwa hesabu za zamani. Linaponywa kwa kutyuni upya, yaani kupanga upya programu ya kompyuta. Ila busti ikitulia kwanza, halafu ikaanza kupanda taratibu kadiri mizunguko inavyoongezeka, 4,500, 5,000, 6,000, inapanda tu, basi westigeti imeshafunguka yote na haitoshi. Hapo hakuna programu itakayosaidia, kwa sababu kompyuta haina mlango mwingine wa kufungua. Ama tundu la westigeti lipanuliwe na fundi anayeijua kazi hiyo, ama urudishe masega ya njia pana ili kizuizi kirudi. Hali hii ya pili hujificha mchana Dar kwenye joto na kujitokeza usiku Njombe au Limuru, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na turbo inaisukuma kwa wingi.

Kabla ya kulaumu hayo yote, kagua kile kimpira chembamba kinachopeleka presha kwenye westigeti. Kiko karibu na daunipaipu, kikiguswa na joto au kikichomoka wakati wa kazi, westigeti haifunguki kabisa na busti inakwenda mbinguni. Kinabadilishwa kwa bei ya soda.

Usikubali kijana akuambie aondoe kizuizi cha kukata petroli ili gari "lipumue". Magari haya yalipangwa kwa petroli ya Japani ya haioku, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96, na petroli yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Busti ya ziada juu ya oktani ndogo maana yake injini inagonga, na pistoni za EJ25 za turbo zinajulikana kwa kuvunjika kingo zinazoshika ringi. Ukisikia mlio wa changarawe unapokanyaga kwenye mlima, achia mafuta hapohapo. Majaribio yote ya busti yafanyike kwenye dayno, mashine ya kupimia nguvu gari likiwa limesimama. Barabara ya Bagamoyo ina bodaboda na watoto wa shule.

Sauti

Wengi wanatoa masega wakitafuta ule mngurumo wa Subaru wa kukatikakatika, na mwenye Legacy GT ya 2003 na kuendelea anashangaa hakuupata. Hataupata. Mngurumo ule unatokana na mabomba ya manifoldi yenye urefu usiolingana, na Legacy GT za Japani za kizazi hicho zina turbo ya njia mbili na mabomba yanayolingana. Kinachoongezeka ni kelele tu.

Uvumi mzito unaojaa ndani ya gari kati ya mizunguko 2,500 na 3,500 na kuumiza kichwa safari ya Dodoma ni wa mtikisiko wa hewa ndani ya bomba, na kopo tupu lililopasuliwa kwa nondo huuongeza. Resoneta, kopo la kupunguza uvumi, ikifungwa katikati huupunguza. Mafla kubwa ya nyuma peke yake haisaidii sana.

Mlio wa kutofautisha na huo ni tik-tik-tik unaosikika asubuhi injini ikiwa baridi na kupungua ikipata joto. Huo ni moshi unaovuja kwenye jointi, na chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba. Washa gari lililolala, mwenzako azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu, wewe sikiliza. Pale panapovuja patapiga pshh. Jointi inayovuja huwa na mchirizi wa masizi meusi kwenye ukingo wa flanji, mkavu, unaotoka kwa kidole. Gasketi ya zamani iliyorudishwa ndiyo mkosaji wa kawaida. Nati za turbo zilizokazwa tatu badala ya tano nazo nimezikuta.

Ikiwa panavuja kabla ya sensa ya mbele, mambo yanahama kutoka kwenye sauti. Kati ya msukumo mmoja wa moshi na mwingine bomba linavuta hewa ya nje ndani, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inaamini petroli haitoshi na inaongeza. Mashine itaonyesha marekebisho ya petroli yamepanda zaidi ya asilimia 10 upande wa kuongeza, pengine na P0171, wakati plagi ukizifungua ni nyeusi kwa masizi. Mafundi wawili watabishana hapo, mmoja akisema petroli kidogo, mwingine akisema nyingi, na wote wana ushahidi. Ziba pale panapovuja, futa namba, endesha siku mbili, upime tena.

Moshi ambao haukuwepo

Masega yalikuwa yanauunguza. Gari halikuanza kula oili siku yalipotolewa, lilikuwa linakula zamani na wewe huoni.

Moshi wa bluu ukiwa umesimama kwenye foleni dakika kadhaa kisha ukaondoka na wingu, tazama turbo, hasa njia ya kurudisha oili. Ukijitokeza unaposhuka mlima mguu hauko kwenye mafuta kisha ukakanyaga tena, ni sili za valvu. Ukiwa unatoka muda wote unapovuta, pima kompresheni, ringi zimechoka au zimevunjika. Kabla ya kufungua injini badilisha valvu ya PCV, inayopitisha mvuke wa ndani ya injini, ni kifaa kidogo cha bei ndogo na kikiziba kinasukuma oili mahali pasipotakiwa.

Moshi mweupe wenye harufu tamutamu na maji yanayopungua kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi. Mweusi ni petroli nyingi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha gari likipata moto ni maji tu, uache.

Petroli inanuka, macho yanawasha, kichwa kinauma

Harufu kali nyuma ya gari lisilo na masega ni kawaida, hasa likiwashwa asubuhi. Harufu ndani ya gari si kawaida. Ikiingia madirisha yakiwa yamefungwa, kuna mahali moshi unavuja chini ya sakafu, au mpira wa buti umekufa, au kuna tundu la nyaya lililoachwa wazi.

Hapa usisubiri mwisho wa wiki. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na masega ndiyo yaliyokuwa yanaigeuza. Yakitoka, kila uvujaji mdogo unakuwa na sumu nyingi kuliko uvujaji uleule ulivyokuwa zamani. Dereva akipata maumivu ya kichwa, kichefuchefu au usingizi usioeleweka, na nafuu ikaja akishuka, shusha vioo, zima gari, lisiendeshwe mpaka lipimwe. Gari la namna hii halipashwi moto ndani ya banda lenye mlango umefungwa, na mtu halali ndani yake kiyoyozi kikiwaka.

Limeanza kula mafuta

Mara nyingi ni mguu. Sauti mpya inamfanya mtu akanyage. Likiendelea kula hata kwa dereva mtulivu, rudi kwenye kuvuja kabla ya sensa, na kwenye sensa ya mbele yenyewe kama imepigwa na oili au silikoni ya kuzibia gasketi isiyofaa kwa sensa. Milipuko na ndimi za moto unapoachia mafuta ni petroli inayoungulia ndani ya bomba. Kama hukuipangia kwenye kutyuni, koili au nozeli ina la kusema.

Umefunga masega mapya, yamekufa tena

Kuna imani ya zamani kwamba masega hayadumu kwetu kwa sababu ya petroli. Ilikuwa kweli. Petroli yenye risasi iliyapaka na kuyaua, na mafundi waliojifunza kazi wakati huo walikuwa na haki ya kuyatoa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006, kwa kampeni iliyoongozwa na UNEP, shirika lenye makao yake Nairobi, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Sababu hiyo imekwisha. Kilichobaki ni mazoea yake.

Kwa hiyo kama ya pili yamekufa upesi, muuaji ni wako wewe. Fungua plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wa silinda. Yenye unyevu wa petroli ni ya silinda inayomisi: hamisha koili yake kwenda silinda nyingine, uone kama namba ya P0301 hadi P0304 inahama nayo. Ikihama ni koili, isipohama pima nozeli na kompresheni. Plagi yenye ukoko mweusi wa kunata ni ya oili. Nyeupe kama chokaa, na maji yanapungua, ni gasketi ya silinda hedi.

Halafu jaza oili mpaka alama ya juu ya dipistiki, andika kilomita, na upime tena kila ukijaza petroli, gari likiwa baridi na mahali tambarare. Likipoteza lita moja ndani ya kilomita 1,000, usinunue masega mengine bado. Anza na turbo na PCV.